Siku Mama Alipokula kwa Bi Zuhura

Juzi nilikwenda Tanga harusini, nikamwomba mjukuu wangu Rukia anipeleke mtaa wa Mabawa nikaone palipokuwa kwa Bi Zuhura. Tulikuta duka la saruji na mabati. Mwenye duka aliniamkia vizuri tu, lakini habari ya Bi Zuhura na bustani yake hakuwahi kuisikia. Basi nikaketi kwenye ngazi yake kupumzika, nikamsimulia Rukia.

Sisi kwetu Likoni, Mombasa. Baba, Mzee Athumani, fundi cherehani, alipata kazi Tanga kwenye duka la Bwana Gulamu, Mhindi mwenye ndevu za hina. Ndiyo maana nikakulia ugenini. Jirani yetu Bi Zuhura alikuwa na hoteli uani kwake: mikeka, jiko la kuni, na nyuma yake bustani ya kumwagilia maji ya kisima. Kulikuwa na bamia, biringanya, mnavu, kisamvu, pilipili mbuzi. Mteja unakwenda pembeni mwa bustani unaonyesha kwa kidole, yeye anachuma. Kukanyaga tuta, thubutu! Ukiketi mkekani unasikia kisamvu chako kinatwangwa, halafu harufu ya tui inakujia. Cha sokoni siku hizi nakila kwa kuwa sina budi.

Mama alikuwa hakosi pale, mpaka kuku wake walipoingia bustanini wakaparura mchicha uliokuwa ndio kwanza unaota. Bi Zuhura akawaleta mkekani alipoketi mama, wamefungwa miguu, akasema mbele ya wateja, "Mwanaisha, kuku wa wageni hawajui mipaka. Au ndivyo mnavyowafunza huko kwenu?" Watu wakacheka. Mama akaapa palepale: "Wallahi, chakula chako sitakitia kinywani."

Na kweli hakukitia. Mimi na baba tulikula kwa Bi Zuhura, yeye alipika chake ndani, dirisha kalifunga harufu isiingie.

Bwana Gulamu alipofunga duka, ikawa tunarudi Likoni. Kwetu mtu hasafiri na kinyongo. Mama alipita nyumba kwa nyumba kuomba radhi, kwa Bi Zuhura akaenda mwisho, mkono wangu kaushika mpaka unaniuma.

"Nimekuja kuomba radhi, Bi Zuhura. Kesho tunaondoka."

"Radhi ya kusimama mlangoni? Keti ule kwanza."

"Niliapa, nawe ulinisikia."

"Kiapo kina kafara yake. Lisha masikini kumi, kisha uje ule. Au Likoni hamkusoma?"

Mama akauma midomo asicheke. "Niwalishe nini, na vyombo nimeshafunga?"

"Na wale maharamia wako wa kuparura, utawakatia tikiti?"

Basi kuku wakachinjwa wote. Bi Zuhura akamkabidhi mama kisu, akamwambia, "Mboga nimekupa, ni zako; kafara hutoka kwenye mali yako. Chuma mwenyewe." Hilo halikuwa limepata kutokea pale. Mama akavua viatu, akapita kati ya matuta polepole kama anayepita kati ya watu waliolala. Akapika kwenye jiko la Bi Zuhura: wali wa nazi, kuku wa kupaka, kisamvu. Baba akawaleta masikini kutoka barazani msikitini, Mzee Sefu kipofu akiwa mbele, kashikwa mkono. Wakala wakashiba, wakatuombea dua ya safari.

Mama alipotaka kupakua chake, Bi Zuhura akafunua kawa. Chini yake kulikuwa na sahani ya bamia alizozipika yeye asubuhi. "Hicho ni chako. Kiapo chako kilikuwa juu ya chakula changu, si cha kupika mwenyewe."

Mama akatia bamia moja kinywani, akatafuna.

"Chumvi haba," akasema.

"Ulimi wako umeota kutu, Mwanaisha. Huna mazoea."

Wakacheka hata wakashikana mabega. Radhi waliombana hivyohivyo, midomo imejaa, wala hakuna aliyesikia maneno yenyewe.

Hawakuonana tena. Siku hizo kuvuka mpaka kwenda na kurudi halikuwa jambo la kila siku, na baba akaanza kuumwa. Habari ya kufa kwa Bi Zuhura ilitufika Likoni keshazikwa zamani. Mama alilia kwa sauti, kama alivyomlilia dada yake, majirani wakaja kumshika wakidhani kafiwa na nduguye. Lau angeondoka Tanga bila kula, sijui siku ile angemlilia kwa uso gani.