Ukurasa Uliomtaja Mume Wangu

Kila Jumamosi, saa nane mchana, ninapanga viti katika ukumbi wa maktaba ndogo ya mtaa wetu, Mabanga, hapa Goma. Kazi yangu pale ni kufagia, kupangusa lile vumbi jeusi la mlima wa moto linaloingia hata madirisha yakiwa yamefungwa, na kuchemsha chai. Nilisoma mpaka mwaka wa sita wa shule ya msingi, nikaishia hapo. Lakini siku ya Jumamosi huja watu walioandika vitabu vya mambo ya kweli, na mimi nikishamaliza kugawa chai huketi karibu na mlango, nasikiliza.

Nimewasikiliza wengi sasa. Kuna aliyefuata gunia moja la maharage kutoka shambani Rutshuru mpaka kwenye chungu cha mama mmoja hapa mjini. Alimuuliza aliyelima, akamuuliza dereva, akawauliza waliokaa kwenye vizuizi vya njiani, akamuuliza na yule mama alipika kwa kuni gani. Mimi nimepika maharage maisha yangu yote, na siku ile nilirudi nyumbani nikayatazama ndani ya maji kama kitu kigeni. Kuna papa mmoja, baba mtu mzima, aliyeandika juu ya siasa na barabara. Kijana akamuuliza, "Papa, ile barabara yetu nani aliiharibu?" Yule papa akavua miwani, akaifuta, akasema, "Mutoto wangu, ile swali uniulize tukiwa wawili." Watu wakacheka, kisha kicheko kikaisha haraka, maana siku hizi Goma kila mtu anayapima maneno yake.

Kilichonishangaza kwa watu hawa hakikuwa yale wanayoyajua. Walimu wetu pia walijua mengi. Nilistaajabia namna wanavyouliza. Mimi nilifikiri mtu huuliza kwa sababu hajui, basi. Hawa huuliza, wakajibiwa, wakauliza tena palepale kwa upande mwingine, kama mtu anayebonyeza parachichi sokoni. Sikujua kwamba kuuliza ni kazi ya mikono kama useremala.

Nataja useremala kwa sababu mume wangu alikuwa seremala. Alifariki miezi minane iliyopita.

Alikuwa anajenga nyumba za mbao. Hapa kwetu mtu anaweza kuwa na nyumba bila kuwa na kiwanja. Unakodi kiwanja cha mtu, unasimamisha nyumba yako ya mbao juu ya mawe, na siku mwenye kiwanja akikihitaji, unaifungua nyumba ubao kwa ubao na kuhama nayo. Sisi tulikuwa tunaishi Kibati, huko juu upande wa mlima. Mwenye kiwanja alipotaka kujenga, tuliifungua nyumba yetu, tukaipakia kwenye chukudu tatu, yale magari ya mbao ya kusukuma, tukateremka nayo hadi Mabanga.

Mwandishi mmoja, mwanamke wa makamo, alikuwa anaandika kitabu juu ya nyumba hizi zinazohama: nani alianza, biashara ya mbao inakwendaje, watu wanajionaje wakilala ndani ya kitu kinachofunguka. Alikuja nyumbani kwetu mara nne, wakati wa alasiri. Mume wangu alikuwa tayari anaumwa, anaketi akiwa amefunikwa blanketi. Mimi nilikuwa nashughulika na birika pembeni.

"Papa," alimuuliza, "nyumba ikishakuwa rundo la mbao, unajuaje ubao gani unakaa wapi?"

"Nilikata alama kwa msumeno, kwenye ubavu wa kila ubao," mume wangu akasema. "Ukuta wa mlango, mkato mmoja. Ukuta wa dirisha, mikato miwili. Hivyo hivyo. Hata ukifumba macho, kidole kinakuambia."

"Nani alikuwa wa kwanza kufanya hivyo hapa?"

"Ni mimi."

Akaandika. Kisha akainua kichwa, akauliza jambo ambalo mpaka leo sijui alilitoa wapi. "Siku mliyohama, mvua ilinyesha?"

Mume wangu akanitazama. Mimi nikalitazama birika.

"Hapana," akasema. "Jua lilikuwa kali."

Mvua ilinyesha. Ilitukuta katikati ya njia, mvua ya mlimani, baridi, ya kupiga usoni. Na mume wangu hakuwa amekata alama yoyote. Alikuwa ameandika namba kwa makaa, namba nzuri za shule, alijivunia mwandiko wake. Seremala mwenzake, muzee mmoja wa Kibati asiyejua kusoma, alikuwa amemwambia, "Kata, usiandike." Mume wangu akamjibu, "Wewe unakata kwa sababu huwezi kuandika." Tulipofika Mabanga makaa yalikuwa yameoshwa yote. Tulisimamisha nyumba kwa kukisia. Dirisha likaangalia choo cha jirani, mlango ukafungukia ukuta wa mawe, ikabidi tuingie kwa ubavu kama kaa. Baada ya wiki mbili muzee alikuja na msumeno wake, akaifungua nyumba, akaikata alama, akaijenga upya. Alikuwa anacheka tu, mabega yanatikisika. Tangu siku ile mume wangu naye akaanza kukata alama katika kazi zake zote, na wateja wakaijua kama mtindo wake.

Siku ile mwandishi alipoondoka, nilimuuliza mume wangu kwa nini. Akasema, "Mama, mutu akiandikwa, aandikwe vizuri." Nikamfunika miguu. Sikusema zaidi. Kwa hiyo na mimi nilikuwamo.

Kitabu kilitoka yeye akiwa amekwisha kuzikwa. Mwandishi aliniletea nakala moja, amekunja ukurasa. Kimeandikwa kwa Kifaransa, na Kifaransa changu ni kidogo, lakini jina la mtu halina lugha. Majina yake matatu yote yalikuwa pale, la ubatizo, la baba yake na la kwao. Niliyasoma kwa kidole. Sisi hatuna nyumba ya matofali, hatuna picha yake kubwa ukutani. Msalaba wake ni wa mbao na rangi yake imeanza kubanduka. Mahali pekee duniani ambapo jina lake lilikuwa limechapishwa ni kwenye ukurasa ule, na ukurasa ule ulisema uongo.

Kisha maktaba ikamwalika mwandishi kwa mazungumzo ya Jumamosi, naye akaomba maseremala wa zamani waitwe. Yule muzee alikuja kwa pikipiki kutoka Kibati, amevaa koti la Jumapili, kofia mkononi. Hakuwa anajua kilichomo kitabuni. Akaketi kiti cha nyuma, karibu nami.

"Mama, pole na kilio," akaniambia. Halafu kwa sauti ya chini, "Chai iko?"

"Iko, muzee."

"Tia sukari mingi. Hawa watu wa vitabu wanaongeaka murefu."

Nikamtilia sukari. Nikakoroga bila kumtazama usoni.

Ukumbi ulikuwa umejaa. Mwandishi alizungumza vizuri, mpaka nikasahau kwa muda. Alisema mji huu watu wa mbali wanaujua kwa moto wa mlima na kwa vita, lakini yeye aliujua kwa misumari. Alieleza jinsi msumari unavyong'olewa, ukanyooshwa juu ya jiwe na kutumiwa tena, mpaka msumari mmoja ukawa umekaa katika nyumba nne. Mimi mwenyewe nimeinyoosha misumari hiyo. Niliona mikono yangu, nikaona kwamba ilikuwa ndani ya historia bila kuambiwa.

Kisha akafungua kitabu, akasoma ukurasa wetu, akiutafsiri kwa Kiswahili. Alilitamka jina la mume wangu polepole, majina yote matatu. Akasema huyu ndiye wa kwanza aliyefikiri kukata alama. Watu wakapiga makofi, wengine wakageuka kunitazama mimi.

Nami nikageuka kumtazama muzee. Alikuwa ameweka kikombe chini, na yeye anapiga makofi.

Kama angekasirika, labda ningenyamaza. Ningesema moyoni, ni ugomvi wa mafundi, utapita. Lakini alikuwa anapiga makofi kwa nguvu, kwa furaha, kama mtu anayempokea bwana harusi.

Nikasimama. Kwetu mjane aliye kwenye kilio hasemi mbele ya mkutano. Anasemewa. Kijana anayeongoza mazungumzo alijua hivyo, akaja mbio kwangu. "Mama, keti tu. Uko na neno? Niambie, nitakusemea."

"Hapana," nikasema. "Hili siwezi kusemewa."

Nikaeleza yote. Makaa, mvua, dirisha na choo, wiki mbili za kuingia kwa ubavu. Watu walicheka sana pale kwenye ubavu, na mimi sikuwa nimekusudia kuchekesha. Nikasema aliyetufundisha kukata ni huyu muzee hapa. Nikasema mume wangu alijua, na mimi nilijua, na tuliulizwa.

Mama mmoja upande wa dirisha akasema kwa sauti, "Ee, we mama! Unamuvua marehemu nguo mbele ya batu?"

Nilihisi hivyohivyo.

Muzee akasimama taratibu. Nikadhani atanishukuru, au atanigombeza. Akamwelekea mwandishi.

"Madame, usinitie mimi kwa ile kitabu. Mimi pia hapana wa kwanza. Nilimuona shemeji yangu kule Rutshuru anakata vile. Nikamuuliza, wewe uliona wapi? Akasema aliona muzee mumoja wa ng'ombe, anakata miti ya zizi, kwa sababu zizi yake inahamaka kila kiangazi. Sasa utaenda kumutafuta ule wa ng'ombe?"

"Nitaenda," mwandishi akasema.

"Alishakufa zamani!"

"Basi nitaenda kwa watoto wake."

"Na watoto wakikuambia ni ng'ombe ndiye alianza?"

Watu wakaangua kicheko, hata yule mama wa dirishani. Lakini mwandishi hakucheka. Alikuwa anaandika upesi pembeni mwa ukurasa wake mwenyewe, juu ya kitabu kizuri kilichochapishwa, kwa kalamu ya wino. Sikuwahi kuona mtu anachafua kitabu chake namna ile, mbele ya watu wake. Nilijisikia kama nimeingia kanisani wakati wa komunyo, mtu anatamani hata kupunguza pumzi.

Akaweka kalamu chini, akauambia ukumbi, "Neno hili 'wa kwanza' mimi ndiye niliyelitaka. Kitabu kinapenda mtu wa kwanza. Nilimuuliza mgonjwa mara nyingi ni nani wa kwanza, mpaka akanipa."

Alikuwa ananisaidia. Nililiona hilo, na ningeweza kulipokea, na mume wangu angebaki mtu aliyesumbuliwa na maswali. Lakini haikuwa hivyo.

"Ulimuuliza mara moja," nikasema. "Akajibu mara moja. Alilitaka na yeye."

Akanigeukia. "Na mvua, mama? Niliuliza juu ya mvua."

"Uliuliza. Nilikuwa pale na birika. Nilinyamaza."

"Kwa hiyo mlinidanganya wote wawili."

"Wote wawili."

Watu walipotoka, muzee akaenda kutafuta pikipiki yake, bado anajisemesha juu ya ng'ombe. Mimi nilianza kupanga viti juu ya viti. Mwandishi alibaki. Alinisaidia viti vichache, kisha akaketi kwenye kimojawapo, akanionyesha mahali pa kuketi. Akaanza kuuliza. Mvua ilianzia wapi? Nani alikuwa anasukuma chukudu ya mbele? Mume wangu alisema nini alipoona namba zimeyeyuka? Nikajibu, akauliza tena kwa upande mwingine, na nikaona nakumbuka vitu ambavyo sikuwa navyo asubuhi ile. Kwamba alifuta ubao kwa mkono wa shati, akautazama ule mkono mweusi, akaniambia, "Angalia, nyumba yetu yote iko hapa." Kwamba alikuwa anacheka na huku meno yanagongana kwa baridi. Tangu tumzike nilikuwa nimemkumbuka akiwa kitandani tu. Sasa alikuwa amesimama njiani, ameloa, mzima kabisa. Swali la mtu mwingine ndilo lililomsimamisha, na mimi sijui hata leo jambo hilo linawezekanaje.

Mwisho mwandishi akafunga daftari nusu, kidole chake kikiwa ndani.

"Mama, wakichapa tena nitaandika upya ukurasa huu. Naweza kuliondoa jina lake kabisa. Hakuna atakayeuliza. Au nikiliacha, itabidi niandike na hili, kwamba alinidanganya. Sitaki kuliandika bila wewe kusema."

Nilifikiria majina yale matatu. Nilifikiria watoto wangu, ambao siku moja watayasoma na mtu atawacheka. Nilifikiria pia kwamba mtu asiyedanganya juu ya mvua, asiyejivunia mwandiko wake, asiyependa aandikwe vizuri, huyo mimi sikuolewa naye.

"Liache," nikasema. "Na uandike kwamba alikudanganya."

"Na wewe?"

"Na mimi pia, uniandike."

Akafungua tena, akaandika. Nilisimama nyuma ya bega lake mpaka alipomaliza, kwa sababu mimi husoma polepole, na nilitaka kusoma yote.