Mnoa visu wa Kanyangi na alama aliyoifuta

Saa mbili na nusu asubuhi, Mbithe Ndululu anakanyaga pedali na gurudumu la baiskeli linaanza kuzunguka. Baiskeli yenyewe haiendi popote. Imefungwa kwenye kigingi pembeni mwa soko la Kanyangi, Kaunti ya Kitui, na nyuma, mahali pa kubebea mzigo, pamekaa jiwe la kunolea. Anasogeza panga. Cheche zinaruka. Anapima makali kwa ukucha wa kidole gumba, kisha anamkabidhi mwenye panga.

Kwenye meza yake ndogo kuna mikasi miwili, visu vya jikoni vitano na kifurushi kimoja kilichofungwa kwa kipande cha leso. Kila kitu mezani kinapata zamu yake isipokuwa kifurushi hicho. Mara kwa mara Mbithe anainua macho na kutazama upande wa soko wanakouzwa mbuzi, halafu anarudi kwenye kazi.

"Leo anakuja," anasema. "Na leo lazima nimwambie."

Anayesubiriwa ni Nuradin Muktar, mfanyabiashara wa mifugo kutoka Nuu, ambaye hupitia Kanyangi kununua mbuzi. Ndani ya leso kuna kisu cha kukunja cha marehemu baba yake Nuradin. Wiki tatu zilizopita Nuradin alikileta kinolewe. Mbithe alikinoa, na katika kukinoa akafuta kitu ambacho yeye mwenyewe amekitafuta kwa miaka kumi na tisa.

Mbithe ni mwanamke wa miaka hamsini na mitano. Kunoa kisu ni shilingi thelathini, panga hamsini, kubadilisha pini ya kisu cha kukunja themanini. Siku nzuri ya soko humpa kama mia tisa, na kwa kazi hiyo amesomesha watoto wawili hadi kidato cha nne. Hata hivyo visu vya kukunja havimfikii tena kwa wingi. Dukani kuna vya kutoka nje vya shilingi mia moja, na kikivunjika mtu hukitupa.

Zamani havikutupwa. Baba yake, Ndululu, alikuwa mhunzi aliyetengeneza visu vya kukunja hapa hapa Kanyangi. Chuma alikitoa kwenye springi za malori mabovu na mpini akauchonga kwa pembe ya ng'ombe. Kwenye shina la kila bapa, pale linapokutana na mpini, aligonga alama yake kwa patasi, vistari vitatu vinavyokutana mahali pamoja, kama unyayo wa kuku. Wachungaji walivitumia kutoa miiba kwenye kwato za mbuzi na kukata kamba, na wakati wa nyama vilitoka mfukoni kabla ya sufuria kushuka.

Ndululu alipofariki, miaka kumi na tisa iliyopita, nyumbani hakikubaki hata kimoja. Alivyotengeneza viliuzwa, vingine wakati wa njaa kwa bei ya kusikitisha. Kisu chake mwenyewe kilipotea siku alipozidiwa na ugonjwa, na hakuna aliyejua kilikwenda wapi.

"Watu walisema, eti baba yako alikuwa fundi? Tuonyeshe basi," anasema Mbithe. "Sikuwa na cha kuonyesha."

Anayesubiri pamoja naye asubuhi hii ni Mwalimu Nzioka, mwalimu mstaafu wa ufundi kutoka Wote, Kaunti ya Makueni. Amekalia ndoo iliyopinduliwa kando ya baiskeli. Mbithe alimpigia simu akamwomba aje, kwa sababu hakutaka kumkabili Nuradin peke yake.

Mwalimu hukusanya visu vya kukunja vya zamani. Anavyo tisini na vitatu, katika turubai alilolishonea vijifuko na kulikunja kama mkeka. Anapolikunjua mezani, wateja wawili waliokuja kunolewa mapanga wanasahau mapanga yao.

Kwa yale aliyoyakusanya kwa familia za wahunzi, anaamini kazi hii ilianzia kwa vijana waliorudi kutoka vita vya Waingereza na visu mfukoni. Springi ilipokatika, kisu kilipelekwa kwa mhunzi wa kijiji, aliyezoea vichwa vya mishale na majembe. "Mhunzi alikifungua aone ndani," anasema Mwalimu. "Na akishaona ndani, hakumhitaji Mwingereza tena."

Ana daftari lenye kurasa kumi na mbili, kila mhunzi wa kaunti hizi mbili na ukurasa wake. Mmoja aligonga mwezi mchanga, mwingine nukta nne, mwingine herufi N iliyogeuka kwa sababu shule hakuifikia. Kurasa kumi na moja zimejaa. Ukurasa wa Ndululu una jina tu. Mbithe aliwahi kumchorea unyayo wa kuku kwa kumbukumbu, lakini Mwalimu alikataa kuuweka. Daftari lake, alimweleza kwa upole, hupokea alama iliyotoka kwenye chuma, si kwenye kumbukumbu.

Ndiyo maana jambo la wiki tatu zilizopita linamkosesha usingizi.

Nuradin alikuwa na haraka. Alileta visu vinne vya kuchinjia na hicho kidogo cha kukunja, vyote katika mfuko mmoja, akaomba vyote vitengenezwe kabla ya Idd. Cha kukunja kilikuwa kimejaa kutu na mafuta ya miaka mingi, na mpini ulikuwa umezungushiwa mpira wa tyubu ya baiskeli. Hakikufanana na kitu alichokijua. Mbithe alikipeleka kwenye jiwe kama kingine chochote, kuanzia ncha hadi shina.

"Kutu ikatoka, nikaona kistari. Halafu cha pili. Nikajua," anasema, na hapo sauti yake inashuka. "Mguu wangu ulisimama. Lakini gurudumu halisimami saa hiyo hiyo. Lilizunguka tena kama mara nne, na mkono wangu ulikuwa bado pale."

Alipotazama tena, shina la bapa lilikuwa jeupe kama kioo.

Anayekusanya visu vya zamani, anaeleza Mwalimu, hana haraka ya kuving'arisha. Kutu hutolewa kwa kitambaa na mafuta, na jiwe halisogei kwenye shina, kwa kuwa hapo ndipo fundi alipoweka jina lake. Mbithe alilijua hilo. Amewahi kuwaambia wengine. Tangu siku ile hakukigusa tena kisu hicho, hata pini iliyolegea aliiacha. Visu vya kuchinjia alivituma kwa dereva wa lori, cha kukunja akabaki nacho, na simu za Nuradin akaacha kuzipokea.

Ndolo, fundi viatu wa kibanda cha pili, amekuwa akimtania kuhusu kifurushi hicho. Anasema hajawahi kuona mtu akifungia kisu leso kama mtoto mchanga. "Mbithe, hiyo kisu ukiendelea kuitazama hivyo itakuuliza utalipiwa mahari lini," anasema sasa, akipiga kisigino cha kiatu. Mbithe hacheki.

Saa tatu na dakika kadhaa, Nuradin anatokea kati ya mbuzi, mwanamume mrefu wa miaka thelathini na tisa, fimbo begani. Anamsalimia Mwalimu kwanza, kwa umri wake, kisha anageukia baiskeli.

"Mama, kwani simu yako ilikufa?"

"Haikufa."

"Basi mimi nilidhani umeuza kisu ya mzee."

"Afadhali ningeuza," anasema Mbithe. "Ungeenda kuinunua tena."

Anafungua leso na kumweleza yote, tangu tyubu ya baiskeli hadi mizunguko minne ya gurudumu. Hajitetei. Anamwambia kwamba kisu kilikuwa kazi ya baba yake mwenyewe, kwamba kilikuwa na alama, na kwamba alama hiyo ameiondoa kwa mkono wake na haiwezi kurudi. Ndolo ameacha kupiga kisigino.

Nuradin anakichukua kisu. Hatazami shina la bapa kabisa. Anakisogeza karibu na sikio, anakifungua, anakifunga. Anarudia.

"Alama gani?" anauliza. "Mimi sijawahi kuona alama hapa."

Anaeleza kwamba baba yake, Muktar, alikinunua kabla yeye hajazaliwa, alipokuwa akipitisha mbuzi huku. Miaka yake ya mwisho mzee hakuwa akiona vizuri. Alikaa mlangoni akifungua na kufunga kisu hicho, tak, tak, na watu wa nyumbani walijua yuko macho na hajambo. Kikinyamaza, mtu alikwenda kumtazama.

"Sisi tunaijua kwa sauti. Sasa imekuwa nzito, ndiyo maana nilileta," anasema. "Wiki tatu hulali juu ya kung'arisha? Kaza pini, mama. Nirudishie sauti."

Mbithe anavuta kigoda na kukaa. Mabega yake yanashuka kidogo, kama ya mtu aliyetua mtungi. Halafu anachukua tupa na kuanza kazi, kwa maana pini haikazwi bila kufungua mpini.

Anakata mpira wa tyubu. Anasugua vichwa vya pini hadi vinaisha, anazisukuma nje kwa msumari. Kipande cha pembe kinatoka, cheusi kwa ndani. Chini yake inaonekana springi, chuma chembamba kinacholala mgongoni mwa kisu na kukifanya kifunge kwa nguvu. Anaipangusa kwa kitambaa chenye mafuta.

Anasimamisha mkono.

Ubavuni mwa springi, mahali ambapo mwenye kisu hawezi kupaona, kuna unyayo wa kuku. Vistari viwili vimenyooka vizuri. Cha tatu kimeteleza, kimekwenda kando na kuishia kwa kujikunja.

Mwalimu Nzioka anainuka kwenye ndoo yake. "Ni yake," anasema. "Aligonga na ndani pia. Bapa huliwa na jiwe, springi hailiwi."

"Si yake," anajibu Mbithe.

Anasema alikuwa na umri wa miaka kumi na mmoja. Baba yake aligonga vistari viwili, kisha, kwa mara ya kwanza na ya mwisho, akampa yeye patasi na nyundo agonge cha tatu. Patasi iliteleza. Baba yake alitazama, akacheka, akasema, "Huyu kuku amevunjika kidole," akaiweka springi kando.

"Nilijua ameitupa kwenye mkebe wa vyuma vibovu. Niliona aibu. Sikuomba tena kugonga chochote," anasema. "Nikabaki kunoa. Kunoa hakuna alama."

Baba yake hakuitupa. Aliitia ndani ya kisu, akagonga alama yake nzuri kwenye bapa, akamuuzia mtu aliyekuwa akipeleka mbuzi mbali. Imefungua na kufunga miaka arobaini na minne.

Nuradin anaigusa springi kwa kidole. "Kumbe hii ndiyo ilikuwa inalia mfukoni mwa mzee," anasema. "Mama, ni wewe."

Mbithe anajipangusa macho kwa leso ile ile, kisha anacheka, na Ndolo anapata ruhusa ya kucheka pia. Anasema amekaa karibu na fundi miaka yote hii akidhani ni mnoa panga.

Mwalimu anaweka karatasi nyembamba juu ya springi na kuisugua kwa penseli hadi unyayo unatokea, pamoja na kidole kilichovunjika. Anaubandika kwenye ukurasa wa kumi na mbili. Anamuuliza Nuradin iwapo angekubali kisu kikae kwenye turubai pamoja na vingine. Nuradin anatikisa kichwa. Baba yake alikuwa akikitumia, na yeye anakwenda kukitumia.

Kabla ya kugonga pini mpya, Mbithe anamwomba Mwalimu kalamu. Chini ya jina la Ndululu anaandika lake.

Sasa ana mpango. Nyumbani amehifadhi kipande cha springi ya lori, ambacho kwa miaka mingi amekitumia kuzuia mlango usipigwe na upepo. Pembe ataipata kwa mchinjaji. Mwalimu ameahidi kumkopesha kisu kimoja cha kutazamia vipimo. Anataka kufikia Disemba awe ametengeneza kisu chake cha kwanza, mwenyewe, kuanzia chuma.

Nuradin amekwisha kukiagiza, kwa sharti moja. "Usinyooshe hiyo alama," anamwambia. "Kuku abaki hivyo hivyo."

Anaondoka kuelekea kwa mbuzi wake, kisu mkononi. Mbithe amerudi kwenye pedali, na panga la mteja liko tayari juu ya jiwe. Katikati ya kelele za wauzaji na mbuzi inasikika sauti ndogo, kavu na nyepesi. Tak.

Ndolo anageuza shingo kutafuta ilikotoka. Mbithe hainui kichwa.

"Hiyo ni yangu," anasema.