Mkeka wa Kusomwa kwa Nyayo

Mwanaesha alipoambiwa kwamba kazi yake ingewekwa dukani kwa Saifuddin, alicheka. Duka lile la Makadara linauza mazulia: ya Uturuki, ya Uajemi, na ya plastiki yanayoiga yote mawili.

"Yakhe Shukri, kupeleka mkeka wangu pale si kutia chumvi baharini?"

"Si kuuza tu, ni maonyesho," Shukri akajibu. "Sisi saba, siku tatu, ukumbi mzima wa mbele."

Shukri huchora picha akiwa juu ya kiti chake cha magurudumu. Mwezi mzima alikuwa amepita maofisini na madukani akiwaombea wasanii wenziwe wenye ulemavu ukuta wa kutundikia kazi. Wengi walimpa soda na pole. Saifuddin alimpa tarehe.

Kicheko kikamwisha Mwanaesha, akaanza kuhesabu siku zilizobaki.

Surua ndiyo iliyompofusha, akiwa na miaka tisa. Mamake hakukaa kumlilia. Alimkalisha jamvini, akamtia mkononi miyaa, majani ya kusukia mikeka, akamwambia, "Vidole vyako havikuugua." Kabla hajatimiza miaka kumi na mitano, ukili wa Mwanaesha, ule utepe wa majani yaliyosukwa, ulikuwa umenyooka kuliko wa wenye kuona. Tangu hapo, miaka thelathini, amesuka mikeka na miswala ya watu, dada yake Mwanakuu akitia rangi na kupeleka sokoni.

Lakini kwa maonyesho haya alitaka kusuka kitu ambacho hakuwahi kuagizwa na mtu: njia yake mwenyewe, ile aipitayo kwa fimbo kila siku kutoka mlangoni kwao Kibokoni hadi Makadara. Penye kibaraza laini alisuka ukindu mwembamba. Penye mawe yaliyochimbika akaweka miyaa migumu. Penye ngazi tatu za msikiti alipandisha ukili juu ya ukili, safu tatu, hadi kidole kikajikwaa, na mfereji wa maji machafu akaushona kwa kamba nene ya makumbi ya nazi. Miezi miwili shazia, ile sindano ya kushonea mikeka, haikumtoka mkononi. Mkeka ulipokwisha, Mwanakuu aliupima ukumbini kwao: hatua kumi na mbili.

Jumamosi asubuhi duka lilifurika. Walikuja wafanyabiashara, wanafunzi wa chuo cha karibu na Buxton, na kina mama wa mtaani waliojifukiza udi kama waendao arusini. Mwanaesha alikaa kando ya mkeka wake, masikio yamesimama. Alisikia nyayo zikija, zikisita, kisha zikizunguka. "Mashallah, mzuri," watu wakasema, na hao wakaenda zao kwenye picha za Shukri.

"Mbona wanauzunguka?" akauliza.

Shukri akatazama. "Vijana wa duka wameuzungushia kamba. Na kuna kibao: Usikanyage."

Mwanaesha akainuka. "Iondoeni kamba hiyo!"

Saifuddin akaja mbio, mzee wa miaka sabini na kofia yake nyeupe ya uzi wa dhahabu. "Bi Mwanaesha, hii ni sanaa. Watauchafua."

"Mkeka ni wa kukanyagwa, Bwana Saifuddin. Huu hasa. Vua viatu, ufumbe mato, wende."

Mzee akasitasita, kisha akavua viatu na soksi, akafumba macho, akaweka mguu.

"Laini," akasema. "Kama kibaraza." Akasogea. "Mawe sasa… mawe…" Ghafla akasimama, mguu mmoja hewani. "Ngazi! Moja, mbili, tatu. Wallahi, hizi ni ngazi za msikiti! Hapa ndipo nilipovunjika jino, nikimkimbia mwalimu!"

Watu wakaangua kicheko.

"Na mbele yako?" Mwanaesha akauliza.

Saifuddin akapapasa kwa kidole cha mguu. "Mfereji!" Akauruka, macho bado kayafumba, na ukumbi mzima ukampigia makofi.

Basi ikawa zogo. Viatu vikarundikana mlangoni kama siku ya Idi. Foleni ikafika barabarani, madereva wa tuktuk wakaacha abiria wakaja kuchungulia. Mwanaesha alikuwa akisikiliza nyayo na kupaza sauti: "Wee, umekengeuka, waingia nyumbani kwa watu!" Koo lilimkauka, na hakutaka kunyamaza.

Mwanamke mmoja aliupita mara tatu. Jina lake Beryl, kazi yake kuchora ramani za majengo.

"Dada, najenga zahanati," akasema. "Nataka njia kama hii ishikizwe sakafuni, kutoka mlangoni hadi kwa daktari, asiyeona ajiendee mwenyewe. Utanisukia?"

Mwanaesha akamgeukia. "Nitakusukia. Lakini kwanza tutaipita pamoja, wewe ukiwa umefungwa kitambaa."

Jumanne iliyofuata walikuwa kwenye jengo lile lililonuka saruji mbichi, Beryl kafungwa leso machoni, kamng'ang'ania Mwanaesha mkono.

"Nitaanguka!"

"Huanguki. Nyayo zako zasemaje?"

Beryl akapapasa sakafu kwa wayo. "Hapa… hapa panateremka."

"Ehe," Mwanaesha akasema, akitoa utepe wenye mafundo aliotumia kupimia. "Basi hapo ndipo tutakapoanza kusuka."