Siagi ya Kiti cha Mbele

Nilikuwa nimeshapanda nyuma ya pikapu, pale mjini Baraka, bibi mmoja wa milimani mwenye magoti mabaya alipoomba kukaa mbele. Mwenye gari alikataa.

"Mama, ngozi ya kiti inapasuka. Panda nyuma na benzako."

Bibi alipitisha kidole kwenye ufa. "Mutoto yangu, ngozi iko na kiu. Unaipakaka nini?"

"Sabuni."

Bibi aliguna. Akafungua kibuyu cha siagi aliyokuwa akimpelekea binti yake aliyejifungua, akakipaka kiti chote. Niliogopa binti hatabakiziwa kitu.

Mwenye gari akamshikia mlango. "Panda mbele, mama."

"Bado. Iache ikunywe kwanza."

Akapanda nyuma nasi. Hadi Makobola kiti kilisafiri kitupu, na mwenye gari, aliyezoea kuturusha kama mihogo, alikwepa kila shimo.