Sampuli Iliyochachia Dirishani

Siku ya kwanza kazini nilibishana na Mkuu wa Maabara kabla hata ya chai. Nilimwambia sihitaji kufundishwa, mashine ya mwanga nimejifunza mwenyewe kwenye simu, mtaani kwetu Gongoni. Darasa la kemia sikuliona. Akaniacha nimalize maneno yote, kisha akanipa kitambaa nifute meza. Tangu hapo, anayemsema vibaya yule mzee mbele yangu tunagombana.

Kazi yenyewe, wadogo zangu, ilikuwa hivi. Wakamuaji wa mafuta wanaleta dizeli ya matrekta iliyochanganywa na mafuta ya mbegu za mbono. Unadondosha tone kwenye kioo, mashine inapitisha mwanga usioonekana kwa macho. Mafuta ya mbegu yanameza sehemu ya mwanga ambayo dizeli inaiacha ipite. Ukijua kilichomezwa, unajua mchanganyiko ukoje. Ila kwanza uionyeshe mashine sampuli ya mfano, ambayo kipimo chake unakijua, ndipo ilinganishe.

Mama Sesilia wa Puge akaleta mzigo wake, mashine ikasema mbegu pungufu. Nikampigia simu, nikamwita tapeli. Mzigo ungekataliwa, wateja wake wenye matrekta wangemhama, kinu chake kingekufa.

Mkuu alirudia kupima mara tatu. Halafu akauliza, "Sampuli ya mfano unaiweka wapi?"

"Dirishani, Mkuu. Iwe karibu."

"Kwenye chupa nyeupe?"

Nikaelewa. Jua la Tabora lilikuwa limeichachusha. Mafuta yaliyochacha yanameza mwanga zaidi, kwa hiyo yale mazima ya Mama yakaonekana hafifu. Mkuu akatoa sampuli nyingine kabatini, akapima upya. Sawasawa kabisa. Akataka kuandika kwenye karatasi ya majibu kwamba kosa ni la maabara. Nikakataa, nikaandika jina langu, nikapanda basi la Nzega, nikashuka Puge.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Leo umekuja kunitukana ana kwa ana?"

Nikamsomea karatasi mbele ya wateja wake. Akasema namba hazimsaidii, niandike kwamba yeye si tapeli. Nikaandika.

"Sasa soma kwa Kinyamwezi. Mama mkwe wangu hajasikia."

Kinyamwezi changu cha mjini wakakicheka mpaka machozi. Nikamaliza hivyo hivyo.

Mradi uliokuwa ukitulipa ulipoisha, maabara ilifungwa, nikastaafu nina miaka thelathini na mbili. Mkuu namtembelea kila Idi. Hasira bado ninazo, ila siku hizi naangalia chupa zangu kwanza. Mama Sesilia aliibandika ile karatasi ukutani kinuni, jina langu linasomeka tangu mlangoni. Sijamwomba aibandue.