Nukta Nyekundu Chini ya Kapasita

Jina Pesamino lilikufa siku kapasita ilipomrusha mwenyewe hadi ndani ya karai la majani ya majimbi ambayo mama yake alikuwa akiyaosha. Alikuwa kijana. Umeme ulikuwa umezimwa, na kapasita ameshaimaliza chaji mara moja, akadhani inatosha. Kumbe kikopo kile cheusi hutunza umeme kama mtu anavyotunza kinyongo. Tangu hapo huimaliza chaji mara mbili kwa rezista, kidude cha kunyonya umeme, akaipima kwa mita, ndipo aiguse. Kijiji kikamwita Faalua, yaani Mara Mbili, na wajukuu zake hawajui jina jingine.

Sasa alikuwa na miaka sitini na minne, na pampu ya maji ya kijiji chao kisiwani Savai'i, Samoa, ilikuwa mikononi mwake. Ufunguo wa chumba cha pampu ulikuwa shingoni mwa Fiasili, mke wa marehemu kaka yake na mwenyekiti wa kamati ya wanawake. Kapasita ya zamani ya kuishtua mota ilipokufa kwa uzee, Faalua aliweka mpya, ikapasuka. Akaweka nyingine. Ijumaa asubuhi mota ilikuwa ikinguruma tena bila kuzunguka, mapipa matupu, na kesho yake ni kuandaa chakula cha Jumapili.

"Mara ya tatu hii, shemeji," Fiasili alisema mlangoni, kikapu mkononi. "Kapasita nzima unaziuza sokoni Salelologa, sisi unatupachikia za jalalani?"

"Za jalalani hazina risiti."

"Risiti hata mwizi anayo. Maji yasipotoka leo, namleta fundi wa mjini Apia, na humu hutakanyaga tena."

Faalua naye alikuwa na shaka yake. Alikuwa amelinganisha mikrofaradi, kipimo cha umeme unaotunzwa, na kibao cha mota, na volti akaziacha juu ya mahitaji. Kitu kizima hakifi kwa siku tatu. Ndiyo maana ile ya mwisho aliitia nukta chini yake, kwa rangi nyekundu ya kucha za mkewe, ili aitambue.

Akazima swichi kuu, akaimaliza chaji mara mbili, akapima, akaigeuza ile iliyopasuka. Haikuwa na nukta.

Akafuta masizi kwa kidole. Mikrofaradi zilezile, lakini volti mia moja ishirini na tano. Kapasita kama hiyo kwao ni Pago Pago, Samoa ya Marekani, ambako umeme wa majumbani ni kama nusu ya huu. Na mwenye dada Pago Pago, anayetumiwa maboksi kwa meli, alikuwa mmoja tu. Kikulacho ki nguoni mwako, aliwaza.

"Shemeji, kikapuni mna nini?"

"Ndizi."

"Na chini ya ndizi?"

Fiasili hakutahayari. Akatoa kapasita mbili, moja ina nukta. "Zako hizi! Nazipeleka Apia zipimwe, ijulikane ni feki. Kila ulipoondoka nimeweka za dada yangu, kwa mkono wangu. Nyaya mbili tu. Kusuka mkeka kuna kazi zaidi. Zilipopasuka, nikajua umezitoa ukaziuza."

Faalua alibadilika rangi. "Uliishika miguu yake hii ya chuma?"

"Nilivaa ndala."

"Ndala haimalizi chaji, shemeji! Mimi nilipata karai la kuangukia. Wewe ungeangukia nini?"

"Usinitishe. Si namba ni ileile?"

"Ya juu. Soma ya chini."

Fiasili akavaa miwani. "Mia moja ishirini na tano."

"Na yangu?"

"Mia tatu… thelathini." Akaziweka mbili sambamba. "Kumbe ya dada ni ya umeme wa kwao."

Faalua alisubiri neno la radhi. Halikuja.

"Funga, basi," Fiasili alisema. "Lakini siondoki hapa. Na namba nasoma mimi."

Akazisoma mara mbili, bila kuombwa. Faalua akaifunga ile yenye nukta, akawasha. Mota ikashtuka, ikazunguka; swichi ya ndani ikalia tak, ikaikatia kapasita umeme ipumzike.

"Fundi wa Apia asije," Fiasili alisema akifunga kufuli na kulivuta kulihakikisha. "Ila kila kapasita, kabla haijaingia, naiona mimi."

"Na baada ya kuingia, huigusi."

Akaurudisha ufunguo shingoni. "Siigusi."

Nyumbani, Faalua alifungua bomba, maji yakaja na kutu kisha yakatakata. Akaisuuza birika, akaimwaga, akaisuuza tena, akaijaza, na kuibandika jikoni kwa ajili ya koko, kinywaji chao cha kakao.