Fomu Iliyomkataa Bi Somoe

Siku yangu ya kwanza katika ofisi ile ya Lindi mjini, Mkuu wa Kitengo alinionyesha kiti kilichovunjika mgongo. "Wewe uliyejifundisha kompyuta kwenye vitabu vya kuazima," akasema, "tutakuona." Nikakikalia hivyo hivyo. Nilikuwa fundi redio kutoka kijiji cha Pande. Nilizoea kupima kwanza.

Kazi yetu ilikuwa fomu ya mtandaoni ya kuwaandikisha wakulima wa korosho wapate salfa, dawa ya kupulizia mikorosho isishikwe na ukungu. Asiyeandikishwa kabla ya siku ya mwisho hapati. Ofisini fomu ilifunguka papo hapo, nasi tukaridhika. Hilo ndilo lilikuwa kosa letu.

Ilipobaki siku moja, nilitumwa Kitomanga, kijiji ambako mtandao hushika kwa shida. Barazani kwa mwandikishaji nilimkuta Bi Somoe, mjane mwenye shamba.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye mwenye hili dude linalonikataa?"

Alijaza mbele yangu, akabonyeza "Tuma". Kimya. Akabonyeza tena. Ukurasa ukawa mweupe, majibu yote yamefutika.

"Tarehe ya kuzaliwa tena!" akasema. "Leo nimezaliwa mara nne, na salfa sijaiona." Wenzake wakacheka. Yeye hakucheka.

Nikampigia Mkuu.

"Waambie wasogee penye mtandao."

"Wamesogea vya kutosha, Mkuu. Sasa isogee fomu."

Nilifungua kompyuta niliyokuja nayo palepale. Niliondoa picha kubwa ya Mkuu iliyokaa juu ya ukurasa. Ilikuwa nzito kuliko fomu nzima. Nikaiwezesha simu kutunza majibu na kuyatuma yenyewe mtandao ukirudi. Kila ombi nikalipatia namba yake, ili kubonyeza mara mbili kusiandikishe watu wawili. Kisha nikapanda bodaboda hadi barabara kuu penye mtandao, kupandisha marekebisho kwenye seva, yaani kompyuta inayoendesha mfumo.

Niliporudi, Bi Somoe alijaza kwa mara ya tano. Kitufe kikaandika: "Imehifadhiwa." Tukasubiri. Alasiri ikaadhiniwa. Aliporudi kutoka kuswali, kitufe kilikuwa kimebadilika: "Imefika."

"Soma tena," akaniambia. Nikasoma.

Kesho yake Mkuu aliuliza, "Picha yangu iko wapi?"

"Bi Somoe atapata salfa, Mkuu."

Tangu hapo Mkuu hakupitisha mfumo wowote kabla haujajaribiwa Kitomanga, kwenye simu ya bei ndogo.

Sasa nimestaafu, macho yamechoka na skrini. Simu ile ya majaribio niliiacha juu ya meza ya aliyenipokea kazi, ikiwa na chaji.